Barua kwa mwanangu: vilima vya Kampala

Mwanangu Zuhura,

Nakusalimu. Umeniandikia kwamba Jumamosi huna vipindi na unataka kuvijua vilima vya Kampala. Anzia Old Kampala, asubuhi, jua halijawa kali. Panda mnara wa Msikiti wa Taifa: ngazi ni 304, kwa hiyo mkoba mzito uache chini. Vaa nguo ndefu, ujitande mtandio.

Ukifika juu, kwanza itafute Mengo, penye ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Vilima vingine visome kutoka hapo, maana Kabaka ndiye aliyegawa ardhi, na dini iliyopewa kilima jirani ilikuwa imepewa sikio lake. Uislamu ulitangulia: Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara aliyetokea pwani, alifika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844. Waanglikana wakaja 1877, nao wako Namirembe. Mapadri wa Kikatoliki wakafuata 1879. Chao ni Rubaga.

Usidhani walikaa kwa heri. Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti, yaani hao Waanglikana, walipigana, wenyewe wakiitana Wafransa na Wangereza, ilhali wote Waganda! Kapteni Lugard, ofisa wa Kiingereza, alikuwa na boma kwenye kilima hicho hicho utakachosimama, na bunduki yake ya Maxim, ya kumimina risasi mfululizo, ikawapa Waprotestanti ushindi. Kanisa la Rubaga likateketea. Majengo unayoyaona leo ni ya baadaye: Namirembe lilimalizika 1919, baada ya la awali kuunguzwa na radi mwaka 1910, na Rubaga 1925.

Kasubi ina adabu zake. Humo wamezikwa Makabaka wanne, kuanzia Mutesa wa Kwanza, na ibada za jadi bado zina wenyewe. Nyumba kuu ya nyasi iliungua Machi 2010, basi ulizia kwanza kama wageni wanaruhusiwa ndani. Vaa sketi ndefu, vua viatu, na picha usipige bila ruhusa.

Namugongo, wanakokumbukwa Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, iko nje ya mji. Itengee siku yake, ila si tarehe 3 Juni, maana mahujaji hujaza barabara yote. Wengi huwataja mashahidi Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 tu. Wewe ulizia pia Waislamu waliouawa huko miaka kumi hivi kabla yao, kwa kukataa nyama ya machinjo ya ikulu.

Nauli ya bodaboda mpatane kabla hujapanda.

Ni mimi,
Baba yako