Muziki wa kompyuta si uhuni wa Wazungu

Mhariri,

Kila tamasha la muziki wa densi wa kielektroniki likikaribia Jinja, lawama ni zile zile: uhuni wa Wazungu, na mashine inajipigia yenyewe. Mwaka 2022 hata Bunge la Uganda lilitaka Nyege Nyege, tamasha la huko Jinja, izuiwe.

Wazungu wapi? House, mtindo mmojawapo wa muziki huu, ilizaliwa Chicago miaka ya 1980, mikononi mwa Wamarekani weusi. Na kwetu Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwanamuziki Otim Alpha na wenzake waliiingiza larakaraka, ngoma ya harusi ya Waacholi, kwenye kompyuta, maana kukodi kikundi kizima ni ghali. Mdundo ukaenda mbio, nyimbo zikabaki za Kiacholi. Kompyuta haijui bibi harusi anaingia lini. Anayejua ni mpigaji.

Naomba gazeti lako litume mwandishi kwenye studio za Gulu, lisisubiri ugomvi wa tamasha lijalo.

Msomaji wako,
Kampala