Shoga, Jazi Ile Si Makelele

Tanga,
Jumapili jioni

Shoga yangu Rehema,

Salaam aleikum. Sisi huku hatujambo, ni mvua tu ndiyo haitaki kutuachia. Natumai nawe u mzima, na shemeji na watoto hawajambo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nikacheka peke yangu jikoni. Eti wimbo niliokutumia ni watu saba wamefungiwa chumbani, kila mmoja anapiga lake na hakuna anayemsikiliza mwenzake! Halafu ukamalizia kwamba jazi unayoitambua wewe ni Jamhuri Jazz na Atomic Jazz za hapa kwetu, hiyo ya Wamarekani ni makelele. Ningekujibu kwa simu, lakini nakujua, utanikatiza kabla sijafika popote. Kwa hiyo soma.

Kwanza, Jamhuri na Atomic tuwaweke pembeni. Wale walichukua jina tu, walichopiga ni dansi, na mzigo wote uko kwenye magitaa: solo, rithim, besi. Mimi nakupeleka New Orleans, mji wa bandari karibu na mto Mississippi unapoingia baharini, kwenye miaka ya mwanzo ya karne iliyopita. Kule aliyetamba mbele alikuwa mpuliza tarumbeta.

Sasa sikiliza kwa nini sikio lako lilikataa. Wewe umekulia kwenye taarabu. Katika taarabu ya zamani, fidla, kodiani na kanuni vyote vinafuata mahadhi yale yale. Kila chombo kinatia madoido yake, kimoja kinawahi, kingine kinachelewa kidogo, lakini njia ni moja, na mwimbaji akija anaipita hiyo hiyo. Watu wa New Orleans hawakufanya hivyo. Wao walikuwa na wapulizaji watatu mbele, na kila mmoja na njia yake, kwa wakati mmoja. Ukizitafuta zote tatu kwa pamoja, siku ya kwanza unapata fujo, sikatai.

Basi usizitafute pamoja. Chukua wimbo ule ule, "Dipper Mouth Blues" wa bendi ya King Oliver, mpuliza koneti wa New Orleans, wa mwaka 1923. Ni dakika mbili na ushee tu. Uweke mara ya kwanza ufuate koneti peke yake. Koneti ni tarumbeta fupi, umbo lake limejikunja zaidi. Hiyo ndiyo iliyoshika mahadhi, ndiyo ungeimba nayo kama ungekuwa na maneno. Humu zimo mbili, ya Oliver mwenyewe na ya kijana wake wa pili, lakini kwa sasa zihesabu kama moja. Rudia wimbo, safari hii mfuate mwenye klarineti, Johnny Dodds. Yeye hatulii. Anapita juu ya koneti, noti nyingi na za haraka, anajaza pale mahadhi yanapovuta pumzi. Rudia tena umtafute mwenye tromboni, Honoré Dutrey, huko chini. Tromboni ile ina bomba linalovutwa mbele na nyuma, ndiyo maana sauti yake inateleza kutoka noti moja hadi nyingine. Kazi yake ni kuonyesha wimbo unaelekea wapi, na kuwasukuma wenzake kuelekea huko.

Nyuma yao kuna piano, banjo na ngoma zinazoshika mapigo. Hao wa mbele na wa nyuma ukishawajua, urudi uwasikilize wote kwa mara moja. Uniambie kama bado ni watu waliofungiwa chumbani.

Najua utauliza, ngoma ziko wapi? Zipo, ila hazisikiki, na sababu yake yafaa uijue maana itakusaidia kwa rekodi zote za wakati ule. Mwaka 1923 studio ya Gennett waliyorekodia wimbo huu, mjini Richmond katika jimbo la Indiana, haikuwa na maikrofoni. Wapigaji walisimama mbele ya paipu kubwa lililopanuka mdomoni, sauti inaingia humo na kuitikisa sindano, nayo sindano inachora mfereji juu ya nta. Ngoma kubwa ikipigwa kwa nguvu sindano inaruka. Kwa hiyo Baby Dodds, mdogo wake yule mwenye klarineti na mpiga ngoma hodari kabisa, ilimbidi aache ngoma zake nyingi na kugonga vipande vya mbao: ko-ko, ko-ko. Na studio yenyewe ilikuwa kando ya reli, treni ikipita kazi inasimama.

Mizani ya sauti walipata kwa kupanga watu: mwenye sauti ndogo karibu na paipu, mwenye sauti kubwa mbali. Hapo ndipo lilipo jambo ninalolipenda kuliko yote. Yule kijana wa koneti ya pili alikuwa Louis Armstrong, aliyeitwa na Oliver kutoka New Orleans aje Chicago, ambako bendi ilikuwa ikipiga, mwaka 1922. Lil Hardin, mpiga piano wao na mwanamke pekee katika bendi, alikuja kusimulia baadaye kwamba Armstrong alipopuliza karibu na Oliver, Oliver hakusikika. Ikabidi kijana asogezwe nyuma, mbali na wenzake, na akasimama huko kwenye kona kwa unyonge. Lil akaona na akaelewa: kama huyu lazima awekwe mbali ili mkubwa wake asikike, basi mkubwa ni nani? Mwaka 1924 akaolewa naye, na ndiye aliyemshikilia aondoke kwa Oliver akajitegemee. Wanaume wakiandika habari hizi humpitia Lil mbio mbio. Mimi simpiti.

Ila usimdharau Oliver. Katikati ya wimbo ule wengine wanapisha, anabaki yeye mbele kwa mizunguko mitatu. Ameshika kiziba mdomoni mwa koneti, anakifungua na kukifunga kwa mkono, na koneti inasema waa-waa kama mtoto anayedeka. Mwishoni mwenye banjo anashindwa kuvumilia, anapaza sauti kumshangilia. Wewe na mimi tunaijua tabia hiyo, kwetu tungeinuka kwenda kutunza.

Nimetaja mzunguko. Huu ndio ufunguo wa bluzi, zile nyimbo za majonzi za watu weusi wa Marekani, na bluzi ndiyo nusu ya jazi ya mwanzo. Hesabu moja-mbili-tatu-nne, hicho ni kipande kimoja. Vipande 12 ni mzunguko, halafu unaanza tena. Vinne vya kwanza muziki uko nyumbani. Cha tano unatoka, cha saba unarudi. Cha tisa unatoka tena, sasa kwa mbali zaidi, na cha 11 umesharudi nyumbani. Wimbo ukiwa na maneno, mara nyingi mwimbaji anaimba mstari mmoja, anaurudia, halafu wa tatu unajibu. Ukishalishika hilo, hata wapige kwa ukorofi gani hawawezi kukupoteza, utajua wako kipande cha ngapi.

Jingine, na hapa naona wewe utanipita mimi. Ndani ya bluzi kuna noti zinazopindwa, hasa ya tatu na ya saba katika ngazi ya sauti. Zinashushwa kidogo, zinakaa mahali ambapo piano haina kidude cha kubonyeza. Mwenye klarineti anazipata kwa midomo, mwenye tromboni kwa kuvuta bomba, mwimbaji kwa koo. Mtu aliyezoea piano tu atadhani wamekosea. Lakini wewe unazijua sauti za katikati kutokana na fidla za taarabu na maqamu zake, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, ingawa asili yake ni nyingine kabisa. Unaposikia noti imelegea kidogo, usikimbie, hapo ndipo penye utamu.

Umeniuliza pia nani alianzisha. Hakuna mmoja. New Orleans ilikuwa na uwanja ulioitwa Congo Square, ambapo watumwa walikutana Jumapili kupiga ngoma na kucheza. Ilikuwa na Makrioli, watu wa damu mchanganyiko, waliosoma noti kwa mtindo wa Kifaransa, na watu weusi waliopiga kwa sikio tu. Ilikuwa na bendi za matarumbeta za kila kitu: siasa, harusi, mazishi. Kwenye mazishi walikwenda makaburini kwa nyimbo za kanisa za polepole, na wakirudi wanapiga za kuchangamka, watu nyuma wanacheza. Beni huku pwani nayo ilitokana na kuigiza bendi za askari, kwa hiyo mambo ya kundi la wapulizaji kuteka mtaa si mageni kwetu. Jina linalotajwa zaidi ni la Buddy Bolden, mwenye koneti. Alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1907 na akafia huko mwaka 1931. Hakuna rekodi yake hata moja, tunabaki na sifa za walioisikia tarumbeta yake.

Santuri ya kwanza ya jazi ilitoka mwaka 1917, na waliorekodi ni Wazungu watano wa New Orleans, Original Dixieland Jass Band, wakiwa New York. Klarineti inawika kama jogoo, koneti inalia kama farasi, tromboni ndiyo ng'ombe. Iliuzika sana. Mimi inanichosha baada ya nusu dakika, ila isikilize mara moja ujue mlango ulifunguliwa na nani, na kisha ufikirie ni nani walioachwa nje.

Sasa nakuja kwenye wimbo niliokuwa nauzungukia muda wote huu, "West End Blues", Armstrong, Chicago, tarehe 28 Juni 1928. Utunzi ni wa Oliver. Hapa maikrofoni imeshaingia, na Armstrong ana tarumbeta kamili mkononi. Ana miaka 26.

Anaanza peke yake. Hakuna ngoma, hakuna piano. Noti nne, zimekatwa vizuri kama hatua za mtu anayeingia ukumbini, kisha anaruka juu, halafu anamwagika kushuka, anajikunja, anashuka tena. Sekunde kama 12 hivi na huwezi kuzihesabia mapigo. Bendi inaingia na sauti moja ndefu, na hapo sasa anza kuhesabu vipande vyako 12. Mzunguko wa kwanza tarumbeta inasema mahadhi. Wa pili ni wa tromboni, na nyuma yake mpiga ngoma, Zutty Singleton, anagonga ka-lop, ka-lop. Wa tatu usikilize kwa makini: klarineti inasema kwa sauti ya chini, na Armstrong anaiitikia kwa mdomo, bila maneno, waa-di-daa tu, taratibu kama anayembembeleza mtu. Wa nne ni Earl Hines kwenye piano, mkono wa kulia unapiga kama tarumbeta na wa kushoto haukai mahali pamoja.

Wa tano Armstrong anarudi na noti moja ya juu. Anaishika. Unangoja ashuke, hashuki. Vipande vinne kamili noti ile ile, chini yake bendi inatembea, na wewe unajikuta umezuia pumzi. Akiiachia, anaangusha noti nyingi mfululizo, za haraka, kana kwamba zilikuwa zimekwama humo zote. Kisha piano inatuliza, wanafunga polepole, na Singleton anamaliza kwa kigongo kimoja kidogo cha tasa. Klop.

Linganisha na ule wa 1923, wimbo wa kundi zima. Miaka mitano tu baadaye mmoja ameruka mbele na wengine wamekuwa wa kumpokea. Wapo wanaosema hapo ndipo jazi ilipokua. Mimi nasema kuna kitu kilipatikana na kingine kikapotea, zile njia tatu za New Orleans sizisikii tena kwa wingi baada ya hapo, na mara nyingine nazitamani. Wewe ukishasikia zote mbili utaniambia uko upande gani.

Nimekuwekea zote kwenye flashi, utaipata kwa dada anayekuja huko Alhamisi. Nimeongeza na ya tatu ambayo sikuwa nimeitaja: Bessie Smith, mwimbaji wa bluzi, Januari 1925, "St. Louis Blues". Humo kuna sauti yake, kinanda cha upepo, na koneti ya Armstrong basi. Kila Bessie akimaliza mstari, koneti inamjibu kwa kifupi na kumwachia nafasi. Wewe uliyelia na Shakila ujana wako wote, huyo Bessie muweke usiku watoto wakishalala, na shemeji umtume dukani.

Na ile kodiani ya marehemu baba yako, mmeitengeneza au bado imelala kabatini? Fundi niliyekuambia yuko tayari kuiangalia, ila anataka uje nayo mwenyewe, hataki itumwe kwa basi.

Nisalimie mama, mwambie viungo alivyoagiza nimeshavipata.

Wako shogayo,
Mwanaidi