Kwa vijana mnaosomea diplomasia: anzeni na wabunge wenu

Wanangu,

Mkieleza jinsi Marekani ilivyoacha kujitenga ikawa kiongozi wa dunia, wengi wenu mnaanzia shambulio la Japani huko Pearl Harbor, Desemba 1941, mkaruka hadi Mpango wa Marshall, ule msaada wa kujenga upya Ulaya baada ya vita. Hapo kazi yenyewe inawapita, maana ilifanyikia Seneti, baraza la juu la bunge lao, kwa kuhesabu kura.

Katiba yao inataka mkataba uungwe mkono na theluthi mbili ya maseneta waliopo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Rais Wilson alikwenda kwenye mazungumzo ya amani Paris bila seneta hata mmoja, akarudi na mkataba uliokwisha kuandikwa, wenye kuunda Shirikisho la Mataifa, mtangulizi wa Umoja wa Mataifa. Wapinzani walipoweka masharti, aliwaagiza wa chama chake wayakatae. Machi 1920 kura zikawa 49 kwa 35. Zilipungua saba tu! Marekani ikabaki nje ya Shirikisho hilo.

Rais Roosevelt, katika Vita Kuu ya Pili, alikwenda kinyume na hapo. Arthur Vandenberg, seneta Mrepublican aliyekuwa nguzo ya kujitenga, alipogeuza msimamo hadharani Januari 1945, alitiwa kwenye ujumbe uliokwenda San Francisco kuandika Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Julai mwaka huo Mkataba huo ulipita Seneti kwa 89 dhidi ya 2.

Mpango wa Marshall usomeni polepole. Ulitangazwa Juni 1947, ukawa sheria Aprili 1948. Miezi kumi ya majadiliano. Vandenberg, sasa mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje, alishikilia usimamiwe na mtu wa biashara, nje ya wizara ya mambo ya nje. Akateuliwa Paul Hoffman wa kampuni ya magari ya Studebaker. Zilitoka dola bilioni 13 hivi kwa nchi 16, na nyingi hazikufika kama fedha taslimu. Mkulima wa Ufaransa alilipia trekta kwa faranga, muuzaji Mmarekani akalipwa dola na Washington, na zile faranga zikaingia akaunti maalumu ya kujenga upya nchi, zikitumika kwa idhini ya pande zote mbili. Kwa kuwa dola ziliishia kwa wauzaji wa Marekani, mbunge wa huko wa eneo la viwanda alikuwa na cha kuwaeleza wapiga kura wake.

Hata mkataba wa NATO, wa kulindana kijeshi, 1949, kifungu cha 5 kinaiachia kila nchi ichukue hatua itakayoona inahitajika mwenzake akishambuliwa. Maseneta ndio waliosisitiza hivyo, kabla ya sahihi.

Basi mkitumwa kujadili mkataba, msipande ndege kabla ya kukaa na wabunge wanaoupinga. Kila mmoja muulizeni ni kifungu gani kikirekebishwa ataukubali, mkaandike jibu lake. Na mpinzani mwenye sauti kubwa kuliko wote mwombeeni kiti kwenye ujumbe.