Ganzi ya jicho: tunachanganya nini, na kwa nini

"Musawo (daktari), unipige ile kali." Wengi wanaokuja kliniki yetu hapa Busia kutolewa mtoto wa jicho huomba hivyo, wakiamini dawa mbili za ganzi, lignokeini na bupivakeini, zikichanganywa nguvu zake zinajumlishwa. Hazijumlishwi.

Lignokeini ya asilimia 2 inashika ndani ya dakika chache, lakini baada ya saa moja au mbili imeshaanza kuachia. Bupivakeini ya asilimia 0.5 inachelewa kushika, ila ikishika inakaa saa nyingi. Sasa zitie nusu kwa nusu kwenye bomba moja la sindano: lignokeini imeshuka hadi asilimia 1, bupivakeini hadi 0.25. Kila moja imeizimua mwenzake.

Ndiyo maana kwa mtoto wa jicho wa kawaida, kazi ambayo mara nyingi haifiki nusu saa, sisi tunatumia lignokeini na hayaluronidesi tu. Hiyo hayaluronidesi si ganzi. Ni kimeng'enya kinacholegeza tishu zinazozunguka jicho ili dawa isambae, isijikusanye mahali pamoja. Kwa maoni yetu inasaidia kuliko kuongeza ganzi ya pili, ingawa hakuna mgonjwa aliyewahi kuiulizia!

Bupivakeini tunaiongeza kwa upasuaji mrefu, au tukijua jicho litauma sana jioni. Hapo ujue kope inaweza kulala na ukaona vitu viwili viwili kwa saa kadhaa. Usiifungue bandeji: jicho lenye ganzi halihisi vumbi wala kucha. Adrenalini hatuweki, maana inabana mishipa ya damu, na mshipa wa fahamu wa jicho hautaki kukosa damu.

Tunaanza na matone ya ganzi, kisha sindano. Itachoma kidogo dawa ikiingia. Baada ya hapo daktari atakwambia: tazama juu, chini, kulia, kushoto. Jicho likiwa bado linazunguka vizuri, hakati. Anasubiri au anaongeza. Wakati wa upasuaji utahisi unaguswaguswa, lakini ukisikia maumivu sema, usivumilie.

Njoo na dawa zako zote, hasa za kuzuia damu kuganda kama wafarini, wala usiziache kwa uamuzi wako. Kama una kikohozi au huwezi kulala chali, tuambie mapema. Na uje na mtu wa kukurudisha; siku hiyo usiendeshe boda.