Kwa Nini Saa za Matangazo Husimama Saa Nne na Dakika Kumi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wewe, mama na wadogo zangu mkiwa wazima. Mimi huku sijambo, namshukuru Mungu, ila mgongo unaniuma kidogo, na sababu yake utaiona mbele. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana swali lako la Jumapili linataka utulivu.

Ulisema umepekua magazeti ya zamani, ukaona kwamba saa za mkononi kwenye matangazo karibu zote zinaonyesha saa nne na dakika kumi, ukauliza kama ni bahati tu au ni makusudi. Ni makusudi, baba. Nilifurahi mno kusikia umeliona, kwa sababu wengi huyatazama matangazo hayo miaka nenda miaka rudi bila kuling'amua. Mshale mfupi ukiwa umepita kidogo 10 na mrefu ukiwa kwenye 2, mishale hufunguka juu kama mikono ya mtu anayekukaribisha. Jina la kampuni, ambalo mara nyingi huandikwa chini ya 12, linabaki wazi katikati yake, na kidirisha cha tarehe pale kwenye 3 hakizibwi. Matangazo ya miaka ya 1920 na 1930 mara nyingi yaliisimamisha saa kwenye saa mbili na dakika ishirini. Hebu ichore hiyo kwenye karatasi uitazame: ni uso ulionuna.

Nimepiga picha za saa mara nyingi sasa, na saa ndiyo iliyonifundisha jambo kubwa kuliko yote katika kazi hii. Kitu kinachong'aa huwezi kukipiga picha chenyewe. Unachopiga ni vile vilivyokizunguka. Kile kioo chake kilichobinuka kidogo kinaona chumba kizima: taa, dari, kamera, na uso wangu mimi niliyeinama. Mwanga ukigonga kitu laini kinachong'aa huruka kwa pembe ileile uliyoingilia, kwa hiyo ukijua kamera imesimama wapi, unaweza kupiga hesabu ya mahali hasa ambapo kioo kile kinatazama, ukaweka hapo karatasi nyeupe, au nyeusi, au usiweke kitu. Siku ya saa mimi hutumia muda mwingi nikikata karatasi kuliko nikishika kamera. Naizungushia saa kibanda cha karatasi nyeupe, natoboa tundu la kupitisha lenzi, halafu nalala sakafuni kuchungulia. Ndiyo hadithi ya mgongo.

Wiki iliyopita kazi ilikuwa chupa ya marashi. Mteja alitaka chupa ya kioo itokee gizani, nyuma kuwe kweusi tititi, na marashi ndani yawake kama jua la jioni. Picha moja. Ilituchukua siku mbili, mimi na msaidizi wangu, na nataka uone zilivyopita, maana mama aliwahi kuniuliza mtu anachokaje kwa kubonyeza kitufe.

Tulianza na taa moja. Aliyenifundisha kazi, ambaye nilimbebea stendi na mifuko ya mchanga kwa miaka miwili kabla hajaniruhusu kugusa kamera, alikuwa mkali sana kwa hilo: usiwashe taa ya pili mpaka uweze kueleza ya kwanza inafanya nini. Bado namtii. Mbele ya taa tukatundika karatasi nyembamba ya kuchuja mwanga, tukaisogeza ubavuni mwa chupa hadi kwenye ukingo wa kioo pakatokea mstari mweupe, mwembamba, unaoteremka kutoka shingoni mpaka kitakoni. Kioo chenyewe ni kitu usichokiona, baba. Unaona kingo zake tu. Nyuma kukiwa kweusi, kingo nazichora kwa mwanga. Nyuma kukiwa kweupe, nafanya kinyume, nazichora kwa kitambaa cheusi.

Lakini marashi yalikuwa bado yamelala, rangi ya chai iliyopoa. Mwanga wa ubavuni hauyaamshi. Hapo nikachukua kadi ya rangi ya fedha, nikaiweka nyuma ya chupa nikachora umbo lake, nikalikata likiwa dogo kidogo kuliko chupa ili lisichungulie pembeni. Nikalisimamisha pale nyuma kwa nta ya kubandikia, nimeliinamisha kidogo. Taa ya pili, ndogo, ikalipiga kadi kutoka juu, na kadi ikaurudisha mwanga ndani ya chupa. Baba, yale marashi yaliwaka. Msaidizi wangu aliguna tu. Nimekata kadi za namna hiyo nyingi sana, na bado moyo wangu huruka kila mara ule mwanga unapoingia kwenye kimiminika.

Baadaye tukapiga picha 42 za chupa ileile, bila kuisogeza hata unywele. Lenzi ya kupigia vitu vya karibu huona sawasawa unene wa milimita chache tu. Kizibo kikionekana vizuri, herufi za mbele zimefifia. Kwa hiyo unalenga mbele kabisa, unapiga, unarudi nyuma kidogo, unapiga, mpaka umemaliza chupa nzima, kisha kompyuta inachukua sehemu iliyo safi katika kila picha na kuziunganisha zote ziwe moja. Mtu akipita mlangoni kwa kishindo katikati ya kazi hiyo, tunaanza upya.

Tulianza upya, ila si kwa kishindo. Saa moja usiku, nikiikuza picha kwenye kioo cha kompyuta, nikaona alama ya kidole begani mwa chupa, mistari yake yote ikihesabika. Ilikuwa yangu. Mwanga wa ubavuni hauna huruma: kila punje ya vumbi na kila tone la jasho la kidole huushika na kuurushia kamera, na weusi wa nyuma unavikuza zaidi. Ningeweza kuifuta kwa kompyuta, na wapo ambao wangefanya hivyo. Lakini alama ilikaa pale mng'ao unapopinda, na mng'ao uliopakwa kwa mkono hujulikana. Tukavaa glovu za pamba, tukaisafisha chupa, tukapiga tena zote 42 kesho yake asubuhi. Mteja hakujua, wala hakuhitaji kujua. Alipoiona alinyamaza kwanza, ndipo akatabasamu.

Ipo kazi nyingine ninayoipenda karibu sawa na hiyo, ya maji yanayoruka. Watu hudhani kamera ndiyo inayoyagandisha maji hewani. Si kamera, ni taa. Chumba tunakitia giza, kamera inafungua jicho lake kwa utulivu, na flashi inawaka kwa muda mfupi mno, pengine sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Katika muda huo tone halina nafasi ya kwenda popote. Harold Edgerton, mhandisi aliyefundisha MIT, chuo kikuu cha teknolojia kule Marekani, alizifanyia kazi taa hizo miaka mingi, na picha yake ya mwaka 1957 ya tone la maziwa lililoruka mfano wa taji nimeibandika ukutani juu ya meza yangu. Naitazama ninapokuwa nimemwaga ndoo ya ishirini na tone linalofaa bado halijapatikana.

Na yale matone ya baridi unayoyaona kwenye chupa za vinywaji katika matangazo, mengi hayatokani na baridi. Ni maji yaliyochanganywa na gliserini, nusu kwa nusu, yakanyunyizwa. Maji matupu huteleza au kukauka chini ya taa, bali gliserini hulishika tone mahali pake kwa saa nyingi. Mwambie mdogo wangu, yeye hupenda siri za namna hiyo.

Sasa nikueleze na upande usio na mwanga, maana hutaki nikufiche. Siku za kupiga picha kwa wiki ni mbili, tatu zikizidi. Zilizobaki ni barua pepe, makadirio ya gharama, mikataba, ankara, na kungoja malipo siku 30, mara nyingine 60. Ninachouza hasa si picha. Nauza ruhusa ya kuitumia: wapi, kwa muda gani, kwa kazi gani. Picha ya tovuti kwa mwaka mmoja si sawa na picha ya bango la barabarani kwa miaka mitano, hata kama ni ileile. Mwaka jana mteja mmoja niliyempa ruhusa ya tovuti tu aliitundika picha yangu kwenye bango refu kama nyumba. Nilisimama chini yake nimeshikwa na mambo mawili, fahari na uchungu. Sikupiga kelele. Nilimwandikia kwa adabu, nikaambatanisha mkataba wenye sahihi yake, na ingawa ilichukua miezi, alilipa. Wewe ndiye uliyenizoesha kutoshikana mkono na mtu kabla karatasi haijaandikwa, na kwa hilo nakushukuru.

Picha zenyewe nazihifadhi nakala tatu, moja katika hizo mbali kabisa na studio. Diski hufa bila kuaga.

Nikichoka na karatasi hizo huwa namfikiria Nicéphore Niépce. Huyu ni Mfaransa ambaye mnamo 1826 au 1827 aliweka bamba la madini lililopakwa lami ndani ya kisanduku, akakielekeza nje ya dirisha lake, akaacha mwanga ufanye kazi kwa saa nyingi. Picha ipo mpaka leo, inahifadhiwa Texas, na ndiyo ya zamani kuliko zote za kamera zilizobaki. Ukiitazama, majengo yamepigwa na jua upande wa kulia na upande wa kushoto pia, kwa sababu wakati bamba likingoja, jua lilitembea angani. Yule bwana hakuwa na taa ya pili. Alikuwa na subira, na jua likamzungukia.

Macho yangu yamebadilika huku, baba. Siwezi tena kukaa karibu na dirisha bila kuona mwanga unavyopungua kadiri chumba kinavyoingia ndani. Na haupungui taratibu kama tunavyodhani: umbali kutoka kwenye taa ukizidi mara mbili, mwanga unabaki robo, ukizidi mara tatu, inabaki sehemu moja ya tisa. Ndiyo maana nikitaka ukuta wa nyuma uwe mweusi, mara nyingi siupaki rangi wala siufuniki kitambaa. Nasogeza taa karibu na kitu, nasogeza kitu mbali na ukuta, na ukuta unazama wenyewe.

Nina ombi. Chukua bilauri nyembamba ya mviringo isiyo na nakshi, ijaze maji, iweke dirishani asubuhi nje kukiwa kweupe. Kaa mbele yake, jicho lako liwe usawa wa maji, fumba jicho moja. Kisha chukua kitabu chenye jalada jeusi, ukisimamishe upande wa kulia wa bilauri, nyuma yake kidogo, karibu lakini kisiizibe. Kisogeze polepole. Tazama kingo mbili za bilauri, uone ni upi unaogeuka mweusi. Mama asikusaidie, aangalie kwa zamu yake, na kila mmoja aweke jibu lake moyoni.

Nitapiga Jumapili baada ya chakula cha mchana. Nataka kusikia ni ukingo upi, na unadhani ni kwa nini.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Mimi mwanao akupendaye.