Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Mkataba wa Bioanuwai: Tusihesabu ukubwa peke yake

Mheshimiwa,

Desemba 2022, nchi wanachama wa Mkataba huu wa kulinda anuwai ya viumbe hai zilikubaliana Montreal, Kanada, kwamba ifikapo 2030 asilimia 30 ya nchi kavu na ya bahari iwe imehifadhiwa. Lengo hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Kinachonitia hofu ni namna tunavyohesabu. Ripoti ya dunia ya 2024 ilitaja kuwa zilizohifadhiwa ni asilimia 17.6 ya nchi kavu na 8.4 ya bahari, na ndani ya tarakimu hizo yamo maeneo yasiyofanana hata kidogo.

IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, inayagawa maeneo haya katika makundi sita. Kuna hifadhi kali ambazo hata mtalii haingii kiholela, kuna hifadhi za taifa, na mengine yanalinda kivutio kimoja cha asili au makazi ya spishi fulani. Mwisho yako yale ambayo watu huishi, hulima, hulisha mifugo au huvuna kwa kiasi. Silidharau kundi lolote. Nyumbu wa Serengeti huzalia kwa wingi nyanda za Ngorongoro, eneo lililotengwa 1959 kwa ajili ya wanyama na wafugaji kwa pamoja, kisha kiangazi huvuka hadi Maasai Mara. Hifadhi ya taifa peke yake, kwa ukubwa wake wote, isingewatosha.

Lakini jina zuri halimlindi mnyama. Yellowstone, huko Marekani, ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1872. Hata hivyo mbwa mwitu wa huko (wolf) waliuawa humo, hata na watumishi wa hifadhi wenyewe, hadi wakatoweka katika miaka ya 1920. Walirudishwa 1995. Na leo, katika maeneo mengi ya bahari ya Ulaya yanayoitwa ya hifadhi, meli bado zinaburuta nyavu nzito juu ya sakafu ya bahari, na maeneo hayo yanaingia kwenye hesabu kama mengine!

Naomba kila nchi inapowasilisha taarifa ieleze, kwa kila eneo, liko kundi gani, nini kinaruhusiwa kuvunwa humo, na kama shoroba za kuliunganisha na maeneo jirani ziko wazi. Lengo lenyewe la asilimia 30, yaani Lengo la 3 la makubaliano ya Montreal, linadai usimamizi madhubuti, maeneo yaliyounganishwa na haki za jamii za asili kuheshimiwa. Ofisi yako iyachapishe majibu hayo kando ya asilimia, katika jedwali hilohilo.