Muuza dawa aione ngozi kabla ya kuuza krimu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu wa Kigoma, na hasa na wauzaji wa maduka ya dawa muhimu, ambayo wengi wetu bado tunayaita ya dawa baridi, kuhusu krimu za mchanganyiko zinazouzwa kwa kila anayesema anawashwa.

Mjukuu wangu wa miaka 7 alitokwa na choa, yaani fangasi ya ngozi, shavuni: kiduara kidogo chenye ukingo ulioinuka na magamba membamba, katikati pakiwa pameanza kusafika. Mama yake alikwenda dukani, akaeleza kwa mdomo tu kwamba mtoto anawashwa, akapewa tyubu. Hakuulizwa mtoto yuko wapi wala tatizo limeanza lini. Baada ya siku 3 mwasho ulikwisha na uvimbe ukashuka, nasi tukashukuru. Tulipoacha kupaka, choa kilirudi kikiwa kikubwa kuliko mwanzo. Tukapaka tena, kikatulia tena, na mambo yakaenda hivyo kwa miezi 2, hadi duara lenyewe likapotea na kubaki baka lisilo na umbo, lenye vipele vidogo vidogo, lililoteremka mpaka chini ya sikio.

Mganga wa zahanati alimsogeza mtoto dirishani kwenye mwanga, akamtazama kwa utulivu, kisha akaomba kuiona tyubu na kutuonyesha kwa kidole neno betamethasone. Hiyo ni steroidi. Kazi yake ni kutuliza kinga ya mwili inayoleta uvimbe na mwasho, na kinga hiyo inapotulizwa, fangasi hupata nafasi ya kusambaa huku mgonjwa akidhani anapona. Ni kweli kwamba ndani ya krimu hizo mara nyingi imo pia dawa ya fangasi, na hapo ndipo wengi wetu tunapojipa moyo, lakini steroidi iliyo pamoja nayo huweza kuupa ugonjwa sura nyingine na kuurefusha. Ikipakwa muda mrefu, ngozi huwa nyembamba na kupata michirizi isiyofutika. Sisemi steroidi ni mbaya. Kwa mwenye pumu ya ngozi, akielekezwa vizuri, ni dawa ya msaada mkubwa.

Choa cha mwilini hutibiwa kwa dawa ya fangasi peke yake, kama clotrimazole au mafuta ya Whitfield, inayopakwa hadi nje kidogo ya ukingo na kuendelezwa kwa wiki 1 au 2 baada ya ngozi kuonekana safi. Mapunye ya kichwani ni habari nyingine, kwa kuwa krimu haifiki kwenye mashina ya nywele. Mtoto huhitaji vidonge, na griseofulvin hutumika kwa wiki 6 hadi 8. Dawa hiyo huingia mwilini vizuri zaidi pamoja na chakula chenye mafuta, kwa hiyo mchuzi wa migebuka uliotiwa mawese unatufaa sana hapa.

Upele, ule ugonjwa wa kuambukiza unaoletwa na vidudu vinavyochimba ngozini, nao hufichwa na krimu hizo hizo. Mgonjwa mmoja akitibiwa peke yake ni kazi bure, kwa sababu anayeambukizwa kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa huku akiwaambukiza wenzake. Wote wanaolala nyumba moja wapakwe dawa ya upele usiku mmoja, kuanzia shingoni hadi vidoleni, warudie kama walivyoelekezwa, na mashuka na kanga zifuliwe. Mwasho unaobaki kwa wiki 2 au zaidi hauna maana kwamba dawa imeshindwa.

Jambo moja zaidi, ambalo nalitaja kwa msisitizo: baka lililopauka lisilohisi mguso wa pamba lisipakwe chochote kabla ya mgonjwa kufika kituo cha afya, kwani huenda ni ukoma, na dawa zake hutolewa bure.

Mafuta ya mise, yaani ya kokwa za michikichi, tunayotengeneza wenyewe hulainisha vizuri ngozi kavu ya kiangazi, hasa yakipakwa mara baada ya kuoga, maji yakiwa hayajakauka mwilini. Hata hivyo, hayatibu choa, na nimeona watoto wakipakwa hayo kwa wiki kadhaa kabla ya mtu yeyote kutafuta dawa.

Ombi langu kwa wauzaji wa dawa ni dogo. Mama akija na maneno tu, mwambieni amlete mtoto mumwone. Mkikuta kidonda au baka msilolitambua, mwelekezeni zahanati hata kama siku hiyo mtakosa mauzo. Nawaomba pia wanaokagua maduka hayo waulize krimu za mchanganyiko zinauzwa kwa nani, na kwa cheti cha nani.

Bibi na mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma